Nguruwe wa bagoong: chumvi imezidi, nyama imekakamaa

Swali: Shikamoo mpishi. Nilifanya kazi Dubai miaka minne, nikipanga chumba na dada watatu wa Kifilipino. Siku ya mapumziko walikuwa wakipika nyama ya nguruwe kwa ule uduvi wao (niseme uliooza?), wanaiita binagoongan. Nimerudi Moshi na chupa mbili za uduvi huo, moja ya rangi ya waridi, nyingine ya kahawia yenye mafuta juu. Nimeshapika mara mbili kwa ile ya waridi. Mara ya kwanza nilitia kilo moja ya steki, vijiko vinne vya chakula vya uduvi, viwili vya soya sosi na kijiko cha chai cha chumvi. Hakuna aliyeweza kula. Mara ya pili niliuosha uduvi kwenye chujio, sikutia chumvi nyingine. Chakula kikawa chapwa na shombo likakaa nyumbani siku mbili. Mara zote nyama ilikuwa ngumu. Nakosea wapi? Na chupa zikiisha, uduvi mkavu wa sokoni utafaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo sufuria yako ya kwanza ilipoharibikia. Kijiko cha chakula cha bagoong (ndilo jina la huo uduvi wako) mbichi, yaani hiyo ya waridi, kina uzito wa gramu 18 hivi, na humo chumvi tupu ni kama gramu 4. Ulitia vinne, gramu 16. Kijiko cha chai cha chumvi ni gramu 6 hivi. Vijiko viwili vya soya sosi vikakuletea 5 nyingine. Jumla 27, kwa kilo ya nyama ambayo ingeridhika na 10, au 12 kama wali ni mwingi. Rojo ilipokauka maji yakaenda na mvuke, chumvi yote ikabaki pale pale. Hata mbwa wa jirani angekataa.

Soya sosi nadhani uliichukua kwenye adobo, ambayo hao dada lazima waliipika pia, ile ya siki, soya, kitunguu saumu na pilipili manga. Ni chakula kingine. Kwenye binagoongan chumvi ya sufuria nzima ni bagoong, basi. Hutii chumvi nyingine, hutii soya, hutii mchuzi wa unga wa pakiti. Jina lenyewe linasema hivyo: binagoongan maana yake "iliyotiwa bagoong", na likifuatwa na baboy, ni nguruwe.

Sasa hili la kuosha. Nimecheka kidogo, unisamehe, kwa sababu na mimi nililifanya. Nilipika melini miaka kadhaa, meli za mizigo, na huko Wafilipino huwakosi. Mpishi mkuu wetu alikuwa mmoja wao, mtu wa makamo, sote tukimwita Kuya, ambalo kwao ni kaka mkubwa na ni neno la heshima. Aliponikuta naosha bagoong bombani hakunigombeza. Alichukua kijiko, akachota yale maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye sinki, akanipa nionje. Ladha yote ilikuwa mle.

Bagoong alamang ni uduvi mbichi, jamaa wa huu huu wa pwani yetu, unaochanganywa na chumvi kwa kadiri ya sehemu tatu au nne za uduvi kwa moja ya chumvi, ukawekwa mtungini kwa wiki kadhaa au miezi. Uliuliza kama useme umeoza. Wewe mtu wa Moshi umekulia jirani na mbege, unajua kuoza na kuchacha ni mambo mawili. Chumvi nyingi kiasi hicho inawadumaza vijidudu waharibifu na kuwaachia nafasi wachache wanaoistahimili, na wakati huo vimeng'enya vya uduvi wenyewe vinamega protini yake taratibu. Kinachotoka ni amino asidi, mojawapo glutamati, ile inayokujaza mate mdomoni kabla hujajua sababu. Vitu hivi vinayeyuka katika maji kama chumvi inavyoyeyuka. Ukiosha, vyote vinakwenda pamoja. Unabaki na maganda, na shombo, kwa sababu shombo halimalizwi na maji. Linaondolewa na mafuta ya moto, nitafika huko.

Mkoa wa Pangasinan, kaskazini mwa Manila, una sifa ya bagoong nchi nzima, na jina lake maana yake ni mahali pa kutengenezea chumvi. Asin kwao ni chumvi. Walianza na chumvi, na samaki na uduvi vikafuata. Wala usidhani wako peke yao. Wamalaysia wana belacan, Waindonesia terasi, Wathai kapi. Hizo nyingi hukaushwa na kukandwa ziwe bonge, nazo ni kali zaidi, kwa hiyo ukizikuta dukani usizipime kwa kipimo cha bagoong.

Chupa zako mbili si kitu kimoja. Ya waridi ni mbichi. Rangi hiyo mara nyingi imetiwa. Bila rangi uduvi uliochacha huwa na kijivu chenye uzambarau. Ya kahawia yenye mafuta juu ni ginisang bagoong, ambayo imeshakaangwa na kitunguu saumu, kitunguu maji, mafuta na sukari. Soma kibandiko. Ya kahawia unaweza kuila na embe bichi hapo hapo kwa kijiko. Ya waridi haiko tayari kuliwa hivyo. Kwa kilo moja ya nyama, ya waridi anza na vijiko viwili vya chakula na uweke cha tatu pembeni. Ya kahawia ina chumvi pungufu, vitano si vingi, na sukari usitie kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Wafilipino wana neno ulam, na nimehangaika kulitafsiri kwa Wazungu bila mafanikio, lakini kwako halihitaji maelezo: ni kitoweo. Kile kinacholiwa na wali. Kitoweo hupikwa kikiwa kimekolea kuliko kingeliwa peke yake, kwa sababu wali wao hautiwi chumvi wala mafuta. Vipande vitatu vya nyama, sahani ya wali. Kama uliwapa watu binagoongan na ndizi za kukaanga zilizonyunyiziwa chumvi, kama kitimoto ya baa, hata iliyopikwa sawasawa ingewashinda.

Nyama. Pole na hiyo steki. Wauzaji wetu wanaisifia kwa sababu haina mafuta, na kwa kukaanga haraka ni sawa. Kwa kupika muda mrefu ni hasara: mnofu mtupu wa paja hauna kitu cha kulainika, nyuzi zake hukamua maji yake na kukakamaa, ndiyo ule ugumu uliotafuna. Wao hutumia liempo, nyama ya tumbo, yenye ngozi, mafuta na mnofu kwa matabaka. Ngozi na tando zilizomo ndani zina kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye unyevu na joto la taratibu kwa saa moja hivi hugeuka jelatini, ndiyo inayoipa rojo ule utelezi mdomoni. Bega pia linafaa ukiona tumbo lina mafuta kupita moyo wako. Kwenye bucha ya kitimoto usiruhusu panga lianze kazi: mwambie unataka kipande kizima cha tumbo na ngozi yake, ukakikate mwenyewe nyumbani vipande vya sentimita tatu hadi nne. Vidogo zaidi vinakaukiana. Na nunua kwa muuzaji ambaye nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Minyoo ya tegu kwenye nguruwe ni habari ya kweli, ingawa kwa saa nzima motoni hatupiki nyama nusu hapa.

Tuwashe jiko. Kama una jiko la mkaa, lipeleke uani; nitaeleza kwa nini.

Tia nyama kwenye sufuria nzito na maji nusu kikombe tu, bila chumvi, bila mafuta. Funika, moto wa wastani, dakika ishirini. Funua. Maji yatakauka polepole na utasikia sauti ikibadilika, kutoka kububujika hadi kuchachatika, maana sasa nyama inajikaanga kwa mafuta yake. Ngozi hurusha mafuta, kwa hiyo egesha mfuniko nusu na usisogeze uso. Geuza mpaka vipande viwe na rangi ya dhahabu. Vitoe. Yaliyobaki chini yatakuwa mengi. Bakiza vijiko vinne vya chakula, mengine weka akiba.

Sasa kitunguu saumu, punje sita au nane zilizopondwa, kiingie kwanza. Wao huanza na saumu, sisi wengi huanza na kitunguu maji. Kwa chakula hiki fuata wao, lakini moto uwe mdogo, saumu iliyoungua inatia uchungu sufuria nzima. Ikianza kugeuka rangi, kitunguu maji kimoja kikubwa. Kikilainika, tia bagoong. Nyanya bado.

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana hapa ndipo shombo linapokufa. Mapishi mengi utakayoona huweka nyanya kabla. Kuya alikataa, na sababu yake naiona ni ya kweli. Nyanya ni maji. Maji hayapiti nyuzi 100, na kwa Moshi kwenu mlimani hata hayafiki. Mafuta matupu hupanda juu zaidi ya hapo, na ni kwenye joto hilo ambapo bagoong inakaangika: ile harufu ya ufukweni wakati maji yamekupwa inapungua, inainuka harufu nyingine, kama kamba wa kuchomwa, kama karanga zilizokolea moto. Nipe dakika nne. Koroga bila kuacha, kwa mwiko bapa, kwa kuwa inapenda kushika chini. Dakika ya kwanza utajuta. Ya tatu majirani watauliza unapika nini. Ndiyo sababu nimekuambia uende uani: harufu kali inatoka dakika hizi chache tu, ikitoka nje hairudi. Mara ya pili ulipopika, nadhani uliutia uduvi uliooshwa ndani ya mchuzi moja kwa moja, ukachemka. Uduvi uliochemshwa bila kukaangwa hutoa shombo mpaka sufuria ioshwe, na mapazia pia.

Baada ya hapo nyanya tatu zilizoiva sana, zilizokatwakatwa. Zipike mpaka ziyeyuke na mafuta yajitenge pembeni. Wewe unajua ishara hiyo, ndiyo hiyo hiyo ya mchuzi wa nyumbani. Wafilipino wanasema nagmamantika, imetoa mafuta. Nyanya na pilipili zote ziliwafikia kutoka Mexico, wakati merikebu za Kihispania zilipokuwa zikisafiri baina ya Acapulco na Manila, kuanzia 1565 hadi 1815. Hata maneno ya jikoni walipewa: mantika, yaani mafuta, ni neno la Kihispania, na gisa, huku kukaanga viungo tunakofanya sasa, limetoka huko pia.

Rudisha nyama, geuza ipakwe vizuri, kisha siki. Vijiko vitatu vya chakula ikiwa ni siki ya miwa au ya mnazi. Ikiwa ni ile nyeupe kali ya dukani, viwili. Kama una jamaa pwani anayeacha tembo la mnazi lichachuke mpaka liwe siki, hiyo ndiyo hasa, kwani na wao wana tembo lao, wanaliita tuba, na siki yake. Jiko la Kifilipino lina mwiko mmoja hapa: siki ikishaingia usikoroge mpaka ichemke, ati itabaki mbichi. Nimewahi kukoroga makusudi na sikuona tofauti. Kinachofanya kazi ni kuacha sufuria wazi dakika tatu ili ukali uende na mvuke. Ukifunika, unaurudishia chakula. Lakini mbele ya Kuya sikukoroga, na mbele ya hao dada wako nisingekoroga.

Halafu maji kikombe kimoja na nusu, sukari kijiko kimoja cha chakula, pilipili ndefu za kijani mbili nzima. Ukitaka ukali, pilipili kichaa zilizokatwa. Funika, moto mdogo kabisa, dakika arobaini hadi saa moja, mpaka uma uingie kwenye ngozi bila kusukuma. Ngozi ndiyo kipimo, mnofu unadanganya. Funua, acha rojo ipungue iwe nzito inayoshika nyama, na mafuta yaelee juu.

Sasa, si kabla, onja. Chota rojo kidogo juu ya wali, usionje kwa kijiko kitupu. Ikiwa imepungua, kaanga kile kijiko cha tatu cha bagoong kwenye kikaango kidogo na uchanganye. Ikiwa imezidi, usitupe viazi ndani kama watu wanavyoshauri. Viazi hunyonya mchuzi wenye chumvi, havichagui chumvi peke yake. Ongeza nyanya na maji, au fanya lile ambalo mimi hulipenda zaidi: biringanya.

Biringanya mbili ndefu, kata mishazari, kaanga kando kwa yale mafuta uliyoweka akiba mpaka zilainike, kisha ziweke juu ya nyama mwishoni bila kuvuruga. Hazina chumvi yoyote, zinanywa rojo, na huwa nagombania hizo kabla ya nyama. Pembeni weka embe bichi lililokatwa vipande vyembamba. Sisi tunalila kwa chumvi na pilipili, wao kwa bagoong. Jino halioni tofauti kubwa. Uchachu wake unakata yale mafuta ya tumbo.

Ukiwa na nazi, badala ya nyanya na siki tumia tui. Chemshia nyama kwenye tui jepesi, mwisho tui zito, pilipili za kijani nyingi bila aibu. Huo ni upishi mwingine wenye jina la treni, Bicol Express, iliyokuwa ikitoka Manila kwenda Bicol, eneo linalosifika kwa nazi na pilipili. Mtu wa Tanga akionja atakuuliza kwa nini mchuzi wake wa nazi umevaa nguo za ugenini.

Uduvi mkavu wa sokoni. Utafaa, lakini utapata binamu yake. Huo umekaushwa juani, haukuchacha, kwa hiyo una utamu wa kamba na hauna kina. Chukua gramu 100, chagua mchanga na vijiwe kwa subira, kausha kwenye kikaango kikavu dakika mbili, twanga. Loweka kwa nusu kikombe cha maji ya moto na vijiko viwili vya chai vya chumvi, uache usiku kucha kwenye friji. Ukipata mchuzi wa samaki wa chupa kwenye duka la vyakula vya Kiasia, tumia huo badala ya chumvi, kwa kiasi kidogo kwanza. Ndio utakaorudisha sehemu ya ile ladha ya kuchacha. Kisha kaanga vile vile, na nyanya uzipike zaidi. Mchanganyiko huo wote ni chumvi ya gramu 12 hivi, unatosha kilo moja.

Ukitaka bagoong yenyewe, agiza uduvi mbichi kwa mtu wa pwani, uliovuliwa asubuhi hiyo na kusafirishwa kwenye barafu. Ukifika umelegea na kunuka amonia, tupa. Kilo moja ya uduvi uliochujwa vizuri, gramu 300 za chumvi ya mawe. Usipunguze chumvi kwa kuogopa ukali. Chumvi ndiyo mlinzi, ikipungua unakaribisha wagonjwa nyumbani. Changanya kwa mkono, jaza chupa ya kioo na uache nafasi juu, funika, weka kivulini. Koroga kila siku wiki ya kwanza kwa kijiko kikavu cha mbao. Baada ya mwezi utakuta umelainika na una maji yake. Ukiona ukungu wenye manyoya au harufu ya choo, usijaribu kuuokoa.

Kuna mgeni atakayekuja akakuambia hali kamba, wanamwasha. Mwamini. Kuchacha na kuchemka havimwondolei mzio, na kijiko kimoja kinatosha kumfikisha hospitali. Kwa asiyekula nguruwe, upishi huu huu unakubali ng'ombe wa kifuani, ukiongeza mafuta ya kupikia mwanzoni na nusu saa ya ziada jikoni.

Kiporo chake ni kitamu kuliko siku ya kwanza. Asubuhi kaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu na kijiko cha lile rojo lililoganda, juu yake yai. Ile chupa ya waridi ukishaifungua ikae kwenye friji, uchote kwa kijiko kikavu, na uandike tarehe kwenye mfuniko. Ya kahawia, hakikisha mafuta yake yanaifunika juu kila unapochota. Yakipungua, ongeza ya kwako.